Mafunjo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima na wenye bustani wa Arusha na Moshi

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kitaluni, mengine kwa simu, mengine na mtu aliyesimamisha bodaboda kando ya barabara akinyoosha kidole: "Ile mirefu yenye nywele ni nini?" Tumeanza na ya msingi, yale magumu yako mwishoni. Jibu likigusana na jingine, tumekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Kuufahamu mmea

Mafunjo ni mmea gani hasa?

Ni mmea wa majimaji wa jamii moja na ndago. Jina lake la kisayansi ni *Cyperus papyrus*, na asili yake ni hapa hapa Afrika. Unaota kwenye kingo za maziwa, kwenye vinamasi, na popote penye maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole. Ukipata jua na tope zuri, bua lake hufika mita 4 hadi 5.

Ukiuangalia vizuri utaona hauna majani ya kawaida. Chini kabisa kuna magamba ya kahawia, kisha bua tupu la kijani, na juu kishada cha nyuzi nyembamba nyingi zinazoning'inia. Kazi ya kutengeneza chakula inafanywa na bua lenyewe pamoja na hizo nyuzi. Ndiyo maana kivuli kinauumiza haraka, na ndiyo maana mtu akikata vishada vyote kupamba ukumbi wa harusi, mmea unabaki na njaa.

Nitayatofautishaje na matete?

Kata bua moja ulizungushe kati ya vidole. Bua la funjo lina pembe tatu, na kingo zake unazihisi hata ukiwa umefumba macho. Halina pingili. Ndani limejaa nyama nyeupe, laini, yenye vitundu vya hewa. Bua la tete ni la mviringo, lina pingili na ndani ni tupu.

Kuna na mmea wa tatu unaowachanganya watu, *Typha*, wenye majani marefu bapa na kichwa cha kahawia kilichosimama kama mshikaki. Sehemu kubwa ya Ziwa Jipe, kule wilayani Mwanga, imevamiwa na huo. Kila mwaka kuna anayetuletea picha ya Jipe akituambia amepata mafunjo ya bure.

Na ile ya "mwavuli" inayouzwa vitaluni, ni hiyo hiyo?

Hapana, ni ndugu yake, *Cyperus involucratus*. Ni mfupi, mara nyingi mita moja au moja na nusu, na juu ana majani bapa yaliyotawanyika kama mbavu za mwavuli badala ya nywele. Anavumilia kivuli kiasi na udongo wa kawaida wa bustani mradi umwagilie. Kwa mwenye uwanja mdogo wa Sakina au Majengo, sisi humshauri achukue huyo. Mafunjo yenyewe yanataka nafasi, na upepo wa Agosti huyalaza mabua yake.

Kama ni ndugu wa ndago, hayatanivamia shamba?

Ndago inasumbua kwa sababu ya vile viazi vyake vidogo vinavyojificha ardhini. Unapalilia leo, wiki ijayo imerudi. Mafunjo hayana viazi hivyo. Yanatambaa kwa shina nene la chini linalolala kwenye tope, na shina hilo haliwezi kuvuka ardhi kavu. Kwenye mahindi hayafiki. Kwenye bwawa la samaki, hiyo ni habari nyingine. Tazama swali la mwisho kabisa.

Ndiyo yale ya karatasi za Misri?

Ndiyo yenyewe. Maandishi ya kale zaidi yanayojulikana juu ya karatasi hii yalipatikana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu. Ni kumbukumbu za kazi za enzi za Farao Khufu, za zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, na zinaeleza usafirishaji wa mawe ya kujengea piramidi yake. Siku hizi huko Misri mafunjo ya porini karibu yametoweka. Vinamasi vikubwa vya mafunjo viko Sudan Kusini, Uganda na kuzunguka Ziwa Victoria.

## Mazingira yanayoyafaa

Yanahitaji nini ili yastawi?

Jua la kutwa, maji yasiyokauka, na tope lenye rutuba. Tope la mfinyanzi lililochanganyika na samadi iliyooza ni bora kuliko mchanga. Maji yanaweza kuishia usawa wa udongo tu au kupanda sentimita 20 hadi 30 juu yake. Kwenye kina kirefu zaidi mmea una ujanja wake: mashina ya chini husokotana yakawa zulia linaloelea juu ya maji.

Wanaoshindwa, wengi wao hushindwa kwenye maji. Mtu anapanda Aprili, masika inamwagilia kwa niaba yake, anafurahi. Ikifika Septemba mfereji umekauka, mabua yamekuwa ya njano, ndipo anapiga simu.

Baridi ya Arusha ya Juni na Julai haitayaua?

Hapana. Yanapunguza mwendo tu. Kinachoyaua ni barafu ya usiku, na mjini Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hatuna. Ziwa Naivasha nchini Kenya liko juu zaidi, karibu mita 1,900, na mafunjo yapo. Ukipanda juu zaidi Marangu au Machame, kinachokukwamisha mara nyingi si baridi bali kivuli cha migomba na miti ya kihambani, yaani shamba la nyumbani. Tafuta uwazi.

Huku chini Moshi, Mabogini na Kahe, joto si kali mno?

Joto yanalipenda. Angalia chumvi. Tambarare za chini ya Moshi zina mahali ambapo udongo huota unga mweupe juu ukikauka, na hapo mafunjo yatadumaa. Chagua karibu na maji yanayopita, ambayo yanaisafisha chumvi.

Je, yanaota kwenye maji ya magadi?

La. Maziwa ya Momella na Natron si mahali pake. Kwenye kingo za maziwa ya magadi utaona ndugu mwingine mfupi, *Cyperus laevigatus*, ambaye amezoea maisha hayo. Ukimwona, ujue maji yale hayafai kwa mafunjo.

## Kupanda na kutunza

Nianze na mbegu au kipande?

Kipande. Mbegu ni ndogo mno, zinataka tope lililo wazi, lenye unyevu wakati wote na mwanga juu yake, na miche yake huliwa na konokono kabla hujaiona. Chukua kipande cha shina la chini chenye machipukizi mawili au matatu na mizizi yake. Punguza mabua marefu hadi nusu mita ili yasivutwe na upepo kabla mizizi haijashika.

Kipande kisikauke njiani. Kifunge kwenye gunia bichi. Kipande kilichopigwa jua nyuma ya pikapu kutoka Kahe hadi Njiro kimeshakufa, hata kama bado ni kijani.

Nimesikia ukikata kichwa na kukigeuza ndani ya maji kinatoa mizizi. Kweli?

Kwa "mwavuli" ni kweli, na ni njia rahisi kabisa. Kwa mafunjo yenyewe mara chache inakubali. Usiitegemee.

Nipande lini?

Kama una maji ya uhakika, wakati wowote. Kama unategemea mvua, panda masika inapoanza, Machi, ili mizizi iwe imeshika kabla ya baridi na ukame unaofuata. Vuli ni fupi, inakudanganya.

Ninaweza kuyaotesha kwenye ndoo au tangi?

Unaweza, na yanapendeza. Tafuta chombo kipana kisicho na tundu: beseni kubwa, nusu ya pipa, tangi lililopasuka juu. Jaza theluthi mbili kwa tope la mfinyanzi na samadi iliyooza, panda kipande kikiwa kimelala, machipukizi yakitazama juu, kisha tandaza kokoto juu ili tope lisipande. Mwaga maji mpaka yakaribie uso wa kokoto, yasizifunike (tazama swali la mbu).

Baada ya mwaka mmoja au miwili shina litakuwa limejaa chombo na kuanza kukisukuma. Toa lote, likate kwa panga, rudisha kipande cha pembeni, si cha katikati. Katikati ndipo palipozeeka. Ndoo ya lita 20 ya plastiki nyembamba itapasuka, tumeshaona nyingi.

Mabua yanakauka ncha, yana ugonjwa?

Mara nyingi hayana. Bua moja huishi miezi kadhaa tu, likazeeka likawa kahawia, na jipya linatoka pembeni. Likate chini kabisa, usiache kisiki. Lakini kama mabua machanga nayo yanakauka ncha, chunguza maji: yamepungua, au yana chumvi, au chombo kimejaa mizizi. Na kama nyuzi za juu zimechanwachanwa upande mmoja, mtazame mnana. Anazichukua kwa ajili ya kiota chake, na hakuna dawa ya hilo.

Mbu je? Jirani amelalamika.

Jirani ana haki. Maji yaliyotulia, yawe na mafunjo au yasiwe nayo, yanazaa mbu, na kwa joto letu yai huweza kuwa mbu anayeruka katika wiki moja hadi mbili. Kwenye chombo kidogo, weka kokoto za kutosha na uyaache maji sentimita chache chini ya uso wake. Mmea utaendelea vizuri na mbu hatapata pa kutagia. Kwenye bwawa, weka samaki wadogo. Perege wachanga wanakula viluwiluwi vya mbu kwa bidii. Mafuta ya taa usimwage, yanaua kila kitu.

## Matumizi

Mtu wa Kilimanjaro atayatumia kwa nini?

Tukiulizwa ushauri wetu wa kweli: matandazo. Mabua makavu, yaliyokatwakatwa na kutandazwa chini ya migomba na kahawa, yanahifadhi unyevu na kuoza polepole. Hayana mbegu za kukusumbua na hayahitaji soko. Kila mtu huuliza karatasi na vikapu, lakini kazi hii ya kihambani ndiyo inayolipa bila kelele.

Mikeka na vikapu vinadumu?

Vinadumu mahali pakavu. Mabua yaliyokomaa lakini bado kijani hukatwa, yakaanikwa siku kadhaa, kisha yakapangwa mazima au yaliyopasuliwa na kushonwa kwa uzi wa katani. Yanafaa kwa mikeka ya kuanikia, dari za muda na viambaza vya kuziba macho ya wapita njia. Ile nyama nyeupe ndani hunyonya maji kwa haraka sana, hivyo mkeka ukilowa mara kwa mara unaoza, na mchwa nao wanaupenda. Kwa mkeka wa kulalia miaka mingi, ukindu bado ni mfalme.

Ng'ombe wa ndani wanakula?

Machipukizi na mabua machanga, ndiyo, yakikatwakatwa. Mabua yaliyokomaa ni nyuzi tupu. Ng'ombe atajaza tumbo asipate maziwa. Yachukulie kama nyongeza ya kiangazi, usiache majani ya tembo kwa ajili yake. Na usiwape kabisa mafunjo yaliyokatwa kwenye mfereji unaopokea maji ya kiwanda au gereji.

Karatasi yake inatengenezwaje? Naweza kujaribu nyumbani?

Unaweza, na hauhitaji gundi. Chukua sehemu ya chini ya bua nene, kipande cha sentimita 30 hadi 40. Menya ganda la kijani kwa kisu, utabaki na fimbo nyeupe yenye pembe tatu. Ichane kwa urefu iwe vipande vyembamba; wengine hutumia mshipi wa kuvulia samaki uliokazwa, unakata sawa kuliko kisu. Vipigepige kidogo kwa mchi au vibingirishe kwa chupa hadi maji yatoke, kisha viloweke siku tatu au zaidi ukibadilisha maji. Ukiviacha muda mrefu, karatasi itakuwa na rangi ya hudhurungi zaidi.

Sasa tandika kitambaa juu ya ubao. Panga safu ya kwanza vikilala, kila kimoja kikipanda mwenzake kidogo, kisha safu ya pili vikisimama juu ya ya kwanza. Funika kwa kitambaa na ubao, weka mawe mazito. Badilisha kitambaa kila siku hadi karatasi ikauke. Utomvu wa mmea na nyuzi zenyewe ndizo zinazoshikana. Ukiona matundu, ulipanga kwa uchoyo. Ukiona ukungu, hukubadilisha vitambaa.

Yanaweza kusafisha maji ya sinki na ya kufulia?

Yanasaidia sana, ukijenga kitanda chake sawasawa. Anza na kisima kidogo cha kukamata mafuta na mabaki ya chakula, kwa sababu mafuta ndiyo yanayoziba vitanda vingi. Kisha kitanda chenyewe: kina cha kama sentimita 60, kimesakafiwa kwa saruji au nailoni nzito, kimejazwa kokoto, mawe makubwa zaidi pale maji yanapoingia. Kwa eneo, hesabu kama mita 1 hadi 2 za mraba kwa kila mtu wa nyumba. Bomba la kutokea liinuliwe kwa kiwiko ili maji yakae sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Hapo harufu na mbu vinakosa nafasi. Panda vipande, subiri miezi miwili mitatu mizizi ishuke.

Kazi kubwa inafanywa na vijidudu vinavyoishi juu ya kokoto na mizizi, siyo na mmea peke yake. Mizizi inavipa makazi na hewa kidogo, na mmea unachukua sehemu ya mbolea iliyomo. Ukikata mabua na kuyatoa, umeitoa na mbolea hiyo. Ukiyaacha yaoze humo, umeirudisha. Mjini Kampala, kinamasi cha Nakivubo kimekuwa kikipokea majitaka ya jiji kwa miaka mingi kabla hayajafika Ziwa Victoria, na mafunjo ni sehemu ya kazi hiyo. Huku kwetu, mabwawa ya majitaka ya Moshi yaliyoko Mabogini yameonyesha kwamba maji yaliyotulizwa yanaweza kumwagilia mpunga.

Maji yanayotoka kwenye kitanda chako yapeleke kwenye migomba. Siyo kwenye mchicha unaoliwa mbichimbichi, na kamwe siyo kwenye kikombe.

Basi yataondoa floridi kwenye maji yetu ya miteremko ya Meru?

Usiyategemee kwa hilo hata kidogo. Kuchemsha nako hakuiondoi. Kwa maji ya kunywa ya watoto, ambao ndio meno yao hubadilika rangi, tafuta chanzo kilichopimwa au maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri.

## Sheria, mashaka na mambo ya pembeni

Ninaweza kwenda kuchimba miche mtoni au kwenye chemchemi?

Tunasema hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Ukiwa na shughuli halali karibu na maji, ulizia kwanza ofisi ya kijiji au mtaa, kisha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi. Kuna vitalu kando ya barabara ya Moshi na Arusha vinavyogawa vipande kutoka kwenye mashina yao. Anza huko.

Kukata mabua yaliyokomaa, kwa ruhusa, ni jambo jingine. Shina la chini likibaki, yanaota upya. Lakini yapumzishe: mmea hurudisha akiba yake chini kabla bua halijakauka, na ukikata mabichi kila baada ya miezi michache, kila uoto mpya utakuwa mwembamba kuliko uliopita. Mara moja kwa mwaka kwa eneo moja ni mwendo wa busara.

Wazee wanasema mafunjo yanakausha chemchemi. Kweli?

Yanakunywa, kama mmea wowote. Lakini maji yaliyoachwa wazi nayo yanaondoka kwa jua na upepo, na mafunjo yanayatia kivuli, yanashika tope na kupunguza kasi ya mafuriko. Aliyefyeka kinamasi akapanda mikaratusi hawezi kuyalaumu mafunjo. Na aliyekikausha ili alime mboga apate mavuno mazuri ya misimu ya kwanza, atashangaa ardhi inavyoshuka: tope lile jeusi ni mabua ya miaka mingi ambayo hayakuoza kwa kukosa hewa, na likikauka linaoza na kutoweka.

Yanaleta nyoka?

Kichaka chochote kinene karibu na maji kina panya na vyura, na anayewala atafuata. Yapande mbali na mlango, ondoa mabua makavu ya chini, na usirundike taka pembeni.

Kuna hatari kiafya ninapovuna?

Kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye mimea, na mifereji ya mpunga ya chini ya Moshi si salama kuingia pekupeku. Vaa mabuti ya mpira marefu. Kingo za bua huweza kukata kiganja, kwa hiyo glavu pia. Ruba wanakera tu.

Biashara yake inalipa?

Miche na mapambo ya hoteli na bustani, inalipa polepole. Karatasi kwa watalii inataka mkono wa msanii. Karatasi tupu haimsimamishi mtalii. Mtu akikuambia ukope fedha upande ekari ya mafunjo kwa sababu "soko lipo nje", muulize jina la mnunuzi kwanza.

Yamejaa bwawani, nataka kuyatoa yote. Nifanyeje?

Kukata mabua au kuchoma moto hakutoshi, shina la chini litachipua tena. Shusha maji kama unaweza, acha kiangazi kikaushe tope, kisha ng'oa shina kwa jembe la meno na ulirundike juu ya ardhi kavu. Bwawa lisiloweza kukaushwa, kata mabua chini ya usawa wa maji na urudie kila yanapochomoza. Yakikosa hewa na mwanga yanaishiwa nguvu. Lililong'olewa likikauka kabisa, ndipo ulipeleke kihambani. Likiwa bichi, lisirudi karibu na maji.